London hadi Paris: ndege, treni au basi?

Ukichora mstari ulionyooka kutoka katikati ya London hadi katikati ya Paris unapata kilomita 344 hivi. Ni karibu kuliko Nairobi na Mombasa. Ndege ikishapaa inakaa angani dakika 45 hadi 50, na tiketi inaandika saa moja na robo kwa sababu mashirika huhesabu pia muda wa kusukumwa kutoka getini, kutambaa hadi kwenye njia ya kurukia na kungoja zamu. Kwa anayeangalia namba hizo peke yake, mjadala umekwisha.

Ila hakuna anayeishi ndani ya Heathrow, wala mwenyeji anayekusubiri na chai ndani ya uwanja wa Charles de Gaulle. Safari inaanzia mlangoni kwako na inaishia mlangoni kwake. Ukiipima hivyo, zile dakika 50 za angani huwa ni kipande kidogo tu cha safari nzima, na ndipo treni na hata basi vinapoingia kwenye mazungumzo.

Tunapima kwa vigezo gani

Nimechukua mambo matano: muda wa mlango hadi mlango, gharama yote (siyo nauli tupu), mizigo, usumbufu wa mpakani, na kinachokupata safari ikiharibika. Kila njia inaulizwa hayohayo. Kwa upande wa muda nimemchukua abiria anayetoka Stratford, mashariki mwa London, akielekea Château Rouge, mtaa wa kaskazini mwa Paris wenye soko la vyakula vya Kiafrika ambalo Wakongo wanalijua vizuri. Wewe badilisha kipande cha kwanza na cha mwisho kulingana na unakoishi na unakokwenda. Mara nyingi hivyo viwili ndivyo vinavyoamua.

Saa ya Paris iko mbele ya London kwa saa moja mwaka mzima, na tiketi huandika saa ya mahali husika. Ndege ya 10:00 inaonekana kufika 12:15, mtu akadhani ataruka saa mbili na ushei. Kurudi ndiko kwenye vituko: unaondoka 13:00, unafika 13:15. Mahesabu yangu yote ni ya muda unaotumika kweli. Na ukimwambia mwenyeji utafika saa sita na robo mchana, mwambie pia ni saa za Paris, asije akahesabu za London ukamsubiri wewe kwa saa nzima.

Karatasi kwanza, maana zinawahusu wote

Uingereza haijawahi kuwa ndani ya Schengen, yaani kundi la nchi za Ulaya zenye viza moja, Ufaransa ikiwemo. Kwa mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya au Uganda, viza ya Uingereza haimwingizi Ufaransa, na viza ya Schengen haimrudishi London. Upande wa pili watu hunaswa zaidi: mgeni aliyefikia Paris, akaja London kwa siku mbili, akataka kurudi Paris kupanda ndege ya kwenda nyumbani. Huyo anahitaji Schengen ya kuingia zaidi ya mara moja. Angalia stika kwenye pasipoti: ikiwa idadi ya kuingia imeandikwa 1, ukishatoka umetoka.

Wakaazi wa Uingereza wenye vibali wana la kwao. Kadi za plastiki za ukaazi zilikoma mwisho wa 2024 na sasa hadhi yako iko kwenye mfumo wa kidijitali. Ukibadilisha pasipoti bila kuiunganisha na akaunti yako, kaunta ya kurudi London inaweza isikuone, iwe ya ndege, ya treni au ya basi. Lifanye hili nyumbani kabla hujalipia tiketi yoyote.

Tangu 12 Oktoba 2025 nchi za Schengen zilianza kuandikisha wageni wa muda mfupi kwa mfumo wa kompyuta badala ya muhuri: picha ya uso na, kwa wengi, alama za vidole. Sharti ni moja kwa njia zote tatu, ila mahali pa foleni panatofautiana. Ukienda kwa treni au basi, unaandikishwa upande wa Uingereza kabla hujavuka bahari. Ukienda kwa ndege, unaandikishwa baada ya kutua Paris.

Na chakula: bidhaa za nyama na maziwa haziruhusiwi kuingia Ufaransa kutoka Uingereza mikononi mwa abiria, na tangu Aprili 2025 Uingereza nayo inazuia nyama na maziwa ya ng'ombe, mbuzi, kondoo na nguruwe kutoka Umoja wa Ulaya. Zile sambusa za nyama ulizowakaangia watoto wa dada yako zibaki London. Za dengu zinapita.

Ndege

*Muda.* Kutoka Stratford hadi Heathrow kwa treni ya Elizabeth, hesabu saa moja pamoja na kutembea. Ufike saa mbili kabla kama una begi la kukabidhi, au saa moja na nusu kama una la mkononi tu. Safari yenyewe saa moja na robo. Kushuka, foleni ya pasipoti na kungoja mizigo, dakika 50 siku ya kawaida. Kisha treni ya mjini ya RER B hadi stesheni ya Gare du Nord, nusu saa na kidogo, na metro namba 4 vituo viwili hadi Château Rouge. Jumla inakaribia saa sita. Mwenye begi la mkononi na bahati ya foleni fupi anaweza kufika kwa saa tano.

Kwa nini kilomita 344 zimeze muda wote huo? Ndege za kawaida huenda kilomita 800 kwa saa, lakini katika safari fupi hivi rubani hajamaliza kupanda vizuri anaanza kushuka. Pia Heathrow ina njia mbili tu za kurukia na inazitumia karibu na ukomo wake. Ndege zinazoingia hupangwa zizunguke angani katika maeneo manne ya kungojea: Bovingdon, Lambourne, Ockham na Biggin. Ukitokea Paris kwa kawaida unazungushwa karibu na Biggin Hill, kusini-mashariki mwa jiji. Utaona kupitia dirishani bawa limeinama, nyumba na viwanja vya gofu vilevile vinarudi mara ya pili na ya tatu, na hakuna anayesema kitu. Dakika hizo mashirika yameshaziweka kwenye ratiba, ndiyo maana unaweza kuzungushwa na bado ukatangaziwa kwamba umefika kwa wakati.

Tarehe 25 Agosti 1919 ilianza huduma ya ndege ya kila siku kati ya miji hii miwili, kutoka Hounslow, jirani na ilipo Heathrow leo, hadi Le Bourget nje kidogo ya Paris. Abiria alikuwa mmoja na safari ilichukua kama saa mbili na nusu. Treni ya leo inamshinda yule rubani.

Kiwanja unachochagua kina uzito kuliko shirika. Heathrow iko kilomita 23 magharibi mwa katikati ya jiji. Gatwick kama 45 kusini. Luton kama 50 kaskazini. Huko Paris, Charles de Gaulle iko kilomita 25 kaskazini-mashariki na Orly kama 14 kusini. Tangu Juni 2024 metro namba 14 inafika Orly na kukupeleka Châtelet, katikati kabisa, kwa dakika 25 hivi. Mwenyeji wako akiwa kusini mwa Paris, ndege ya kutua Orly inaibadilisha hesabu yote niliyoifanya hapo juu.

*Gharama.* Nauli ya shirika la bei nafuu inaweza kuwa pauni 30 au 40 ukinunua mapema. Ongeza begi, ambalo safari nyingine hukaribia bei ya kiti. Ongeza usafiri wa viwanjani pande zote mbili: treni ya haraka ya Heathrow peke yake ni kama pauni 25, ingawa Elizabeth na Piccadilly ni nafuu zaidi na hazikuchelewishi sana. Ongeza na chupa ya maji na mkate wa kule ndani. Ninapoambiwa mtu amepata ndege ya pauni 35, huwa naizidisha mara mbili kichwani.

*Mizigo.* Hapa pana pande mbili. British Airways inakuruhusu begi la mkononi la sentimita 56 kwa 45 kwa 25 na kibegi kidogo juu yake. easyJet, kwa nauli ya chini kabisa, inakupa begi moja la sentimita 45 kwa 36 kwa 20, liingie chini ya kiti. Getini kipo kile kichuma cha kupimia, na utawaona watu wazima wakivaa majaketi matatu ili zipu ifunge. Vimiminika vina sheria zake. Baadhi ya viwanja vya Uingereza vimelegeza ile ya mililita 100, lakini usipange safari ya kurudi kwa kuitegemea huruma hiyo upande wa Paris. Kwa upande mwingine, ukilipia, ndege inachukua masanduku makubwa na huyashiki tena hadi ufike.

*Mpakani.* Foleni iko Paris. Ikitua ndege yako sambamba na mbili kubwa kutoka mabara mengine, jiandae kusimama.

*Ikiharibika.* Kisheria, ndege ndiyo yenye fidia kubwa. Kwa safari ya chini ya kilomita 1,500, ukichelewa kufika kwa saa tatu au zaidi kwa kosa la shirika, unadai euro 250 au pauni 220, hata kama tiketi uliinunua kwa 35. Ukungu, theluji na mgomo wa waongozaji ndege havihesabiwi kuwa kosa la shirika, lakini chakula na hoteli bado wanadaiwa.

Treni

*Muda.* Treni ya Eurostar inatoka stesheni ya St Pancras, London, na kuishia Gare du Nord kwa saa mbili na dakika 16 ikiwa ya haraka kabisa. Nyingi ni saa mbili na nusu kasoro. Reli ina urefu wa kilomita 492, maana haikati moja kwa moja kama ndege: inashuka Kent, inaingia kwenye handaki la kilomita 50 chini ya bahari, inatokea karibu na Calais kisha inateremka kusini. Nchi kavu inafika kilomita 300 kwa saa. Ndani ya handaki inapunguza hadi 160, na kinachoonekana dirishani ni giza na sura yako kwa dakika 20.

Kutoka Stratford kuna treni ya dakika 7 hadi St Pancras. (Eurostar yenyewe inapita Stratford International bila kusimama, na haijawahi kusimama hapo tangu stesheni ijengwe. Jina la kimataifa limebaki ukutani.) Ukihesabu dakika 30 kufika na kuingia, saa moja na robo ya ukaguzi, safari, kisha dakika 20 za metro hadi Château Rouge, jumla ni saa nne na nusu hivi. Mwepesi wa miguu anaweza kutembea kutoka Gare du Nord mpaka Château Rouge akafika bila metro.

*Mpakani.* Hii ndiyo tofauti kubwa ya treni, na wageni wengi hawaijui. Polisi wa mpaka wa Ufaransa wako palepale St Pancras, ghorofa ya chini. Unapitisha tiketi, unapitisha begi kwenye mashine, unakutana na Mfaransa kwenye kibanda chake, halafu unasubiri ukumbini hadi jukwaa litangazwe. Wakitangaza, watu mia kadhaa wanainuka kwa pamoja kuelekea kwenye njia za kupanda juu. Treni ina urefu wa karibu mita 400, kwa hiyo soma namba ya behewa kabla ya kupanda. Aliyekosea upande anatembea sana na mabegi yake. Ukifika Paris unafungua mlango, unashuka, uko mjini. Hakuna kibanda, hakuna mkanda wa mizigo. Kurudi ni hivyohivyo kwa kinyume: Mfaransa anakutoa na Waingereza wanakukagua palepale Gare du Nord. Ukumbi wa huko ni mfinyu, na siku za Ijumaa na Jumapili jioni usitamani kufika dakika ya mwisho. Geti hufungwa nusu saa kabla ya kuondoka na hawana msamaha.

*Mizigo.* Mabegi mawili ya hadi sentimita 85 na moja dogo, bila kulipia na bila mizani. Pafyumu, mafuta ya nazi, lita ya juisi, vyote vinapita. Shida ni kwamba mbebaji ni wewe. Kunyanyua masanduku mawili hadi kwenye rafu ya behewa, watu nyuma yako wakisubiri, si jambo la mtu mwenye mgongo mbovu, ingawa msaada kwa wenye mahitaji maalumu upo ukiuomba mapema.

*Gharama.* Nauli inapanda jinsi siku inavyokaribia. Ukiwahi miezi miwili au mitatu kabla utapata ya chini ya pauni 60 kwa upande mmoja; ukinunua leo usafiri kesho, inaweza kupita 200. Mtoto wa chini ya miaka 4 halipi akipakatwa. Hakuna gharama ya kiwanja pande zote mbili. Kwa familia ya watu watano walioamua ghafla, treni inauma. Kwa mtu mmoja aliyepanga mapema, mara nyingi inaishinda ndege ya bei nafuu ukishajumlisha kila kitu.

*Ikiharibika.* Njia ni moja na handaki ni moja. Desemba 2009 treni tano zilikwama ndani ya handaki kwa sababu ya theluji, zikiwa na abiria zaidi ya 2,000. Tarehe 7 Machi 2025 bomu la Vita vya Pili vya Dunia lilifukuliwa karibu na reli kaskazini mwa Gare du Nord, na treni zote za siku hiyo kati ya London na Paris zikafutwa. Kabla mashabiki wa ndege hawajacheka: wiki mbili baadaye, tarehe 21, moto kwenye kituo cha umeme huko Hayes uliifunga Heathrow karibu siku nzima. Fidia ya treni ni ndogo: ukichelewa saa moja unarudishiwa robo ya nauli, ukichelewa saa mbili au zaidi, nusu.

Kwa anayejali moshi, treni haina mpinzani, hasa kwa kuwa umeme mwingi wa Ufaransa hutoka kwenye nyuklia. Mwaka 2023 Ufaransa ilipiga marufuku safari za ndani za ndege pale ambapo treni inakufikisha kwa chini ya saa mbili na nusu, kama Orly hadi Lyon. London na Paris zingenaswa kwenye kipimo hicho, ila sheria inahusu safari za ndani tu.

Basi

Basi linadharauliwa kuliko linavyostahili. FlixBus na BlaBlaCar Bus hutoka Victoria Coach Station na kushusha Bercy Seine, mashariki mwa Paris. Barabarani ni kama kilomita 460, na safari inachukua saa nane hadi kumi kulingana na mpaka na msongamano. Mlango hadi mlango, weka saa kumi hadi kumi na mbili. Nauli ya kawaida ni pauni 20 hadi 40, na hata ukichelewa kununua hairuki kama ya treni. Basi la usiku linakuokolea pia malazi ya usiku mmoja, na katika Paris hiyo si fedha ndogo. Begi kubwa moja buti, jingine miguuni, na hakuna mashine ya kukunyang'anya lotion.

Unachokilipia kwa kweli ni usingizi. Katikati ya usiku, Dover au Folkestone, dereva anawasha taa zote na kutangaza kila mtu ashuke na pasipoti, wakati mwingine na mabegi yote. Unasimama kwenye banda lenye mwanga mkali, watoto wamelala mabegani, unasogea hatua mojamoja. Mtu mmoja mwenye karatasi zenye utata analichelewesha basi zima, na dereva hawezi kumwacha mpaka aambiwe. Kurudi ni mara mbili: Mfaransa anakutoa, Mwingereza anakuingiza, na huyo wa pili ana maswali: unaishi wapi, unafanya kazi gani, ulikwenda kwa nani.

Kuvuka bahari basi linaweza kupakiwa kwenye treni ya magari, dakika 35 humohumo ndani ya kiti chako, au kwenye feri ya saa moja na nusu kutoka Dover hadi Calais. Ya feri unashuka na kupanda juu. Piga picha ya namba ya sitaha na ya basi lako, maana ukirudi chini yako mengi na yanafanana.

Likiharibika, unalala nalo barabarani. Lakini siku ambazo treni zimefutwa na ndege zimejaa, basi ndilo linalobaki na kiti cha bei ya kawaida, na mashirika huongeza magari.

Gari binafsi silizungumzii sana. Mkiwa wanne au watano na mmoja wenu anaweza kuendesha upande wa kulia wa barabara, gharama kwa kichwa inashuka na mizigo haina mipaka. Ila maegesho ya Paris ni ghali, na ada za barabara kuu ya Ufaransa zipo.

Wewe uko wapi kwenye haya?

Unaishi mashariki, kaskazini au katikati ya London, unakwenda katikati au kaskazini mwa Paris, na tarehe unaijua mapema: treni. Hapo inashinda kwa muda na inalingana kwa bei. Ukiwa na mtoto mchanga ndiyo zaidi, kwa sababu kuna nafasi ya kutembea naye na hakuna masikio ya kuziba.

Unaishi Slough, Reading au Crawley: fanya hesabu upya. Kutoka Crawley, Gatwick iko jirani, ilhali St Pancras ni saa nzima ya treni kabla hata hujaanza safari. Ndege inaweza kukuokolea nusu saa. Wa Luton hudhani nao wako hivyo, lakini wana treni ya moja kwa moja hadi St Pancras, na nikijumlisha naona sare. Wao waamue kwa bei ya siku hiyo.

Unamsafirisha mama aliyekuja kutembea, ana masanduku mawili ya zawadi na magoti yanamsumbua. Wengi humkatia treni kwa sababu inasifiwa. Mimi ningemkatia ndege yenye mzigo wa kukabidhi na kuomba kiti cha magurudumu tangu kaunta, hasa kama hana wa kumpokea begi behewani. Akiwa na kijana wa kumsindikiza, treni inarudi juu.

Mwanafunzi, au kundi la vijana wanaokwenda harusi na fedha haitoshi: basi la usiku, mto wa shingoni, na pasipoti mfukoni siyo kwenye begi la buti. Kama kibali chako kina utata wowote, usichague basi. Maswali ya saa nane usiku huku watu hamsini wakikungoja ni mazito kuliko yaleyale ya mchana.

Msiba, au dharura ya leo kwa leo: fungua zote tatu kwa wakati mmoja. Treni ya dakika ya mwisho itakuwa ghali kupita kiasi, na ndege ya kutoka kiwanja cha mbali wakati mwingine ina kiti cha bei ya kuvumilika. Hakuna treni za usiku wa manane, kwa hiyo habari ikikufikia saa nne usiku, shindano linabaki kati ya basi la usiku huo na ndege au treni ya alfajiri.

Na anayetoka Nairobi au Dar es Salaam akielekea Paris, tiketi ikiwa moja inayopitia Heathrow: baki kwenye ndege. Mizigo inahamishwa bila wewe, na treni ingekulazimu uingie Uingereza kamili, na viza yake. Hata kubadilisha ndege tu pale Heathrow, pasipoti za Tanzania, Kenya na Uganda kwa kawaida huhitaji viza ya kupita uwanjani, na viza ya Schengen ya matembezi haiifuti. Ukiona hivyo, tafuta ndege ya moja kwa moja hadi Paris au inayobadilishia nje ya Uingereza, na London uiweke kwenye safari nyingine.